Nyuma ya Picha

Katika nyumba moja ya Magamba, mwanamke alifariki, akazikwa, na baada ya hapo akaolewa. Harusi ilipokwisha alionekana mtu mzima mwenye mkongojo. Kisha akawa msichana wa skuli. Na kabla ya usiku kuingia alikuwa amerudi tena kitandani, hospitalini. Mumewe, mstaafu wa reli, aliyatazama hayo jioni mbili mfululizo pasi na kutamka neno. Jioni ya tatu alikichomoa kifaa kwenye umeme, akakifunika kwa kitambaa cha meza, akampigia simu binti yake aliyeko Unguja.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba, mama. Kijisanduku chako kizuri, ahsante. Lakini kinamzika mama yako asubuhi, kinamwoza jioni.”

Magamba hii si ile ya milima ya Usambara, yenye msitu wake mashuhuri. Ni kata ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, magharibi ya mbali ya Tanzania. Mtu wa kisiwani akilisikia jina hilo huwaza samaki na kisu cha kuparia. Kumbe yuko mbali na bahari kuliko anavyoweza kudhani. Ili afike huko kutoka Unguja, hupanda boti hadi Dar es Salaam, akashika reli ya kati hadi Tabora na Kaliua, na hapo tawi la reli huacha njia kuu na kuelekea kusini-magharibi hadi likomee Mpanda. Tawi hilo lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda. Mgodi ulikuja kufungwa, reli ikabaki, na pamoja na reli walibaki watu walioajiriwa nayo. Mzee huyu alikuwa mmoja wao.

Kijisanduku chenyewe ni fremu ya picha ya dijitali: kioo chenye upana wa kitabu kilichofunguliwa, kinachotiwa kadi ya kumbukumbu na kuonesha picha moja baada ya nyingine, kila moja kwa sekunde kumi. Mama wa nyumba hiyo alikuwa amefariki mwaka 2016. Mwaka 2019 binti alizikusanya picha zake kutoka kila alikoweza, akazitia katika kadi, akaipeleka fremu Magamba kwa mkono wa jamaa aliyekuwa akisafiri. Nia ilikuwa mzee apate wa kumtazama. Lililomfika ni maisha ya mkewe yaliyochanwa vipande na kutupwa hewani.

Chanzo cha mkanganyo huo ni jambo dogo. Picha ya dijitali huzaliwa na cheti chake. Ndani ya faili, mahali jicho lisipofika, kamera huandika mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde ya kupigwa kwake. Utaratibu huo huitwa Exif, na ulitolewa kwanza Japani mwaka 1995. Lakini faili hilo hilo hubeba tarehe nyingine, ambayo kompyuta huiandika faili linapohifadhiwa au kubadilishwa. Tena lina jina, na jina nalo huweza kubeba tarehe ya tatu. Tarehe hizo zikipatana hapana tabu. Zikihitilafiana, kila kifaa huchagua moja ya kuifuata, na fremu nyingi za bei nafuu hazijisumbui: hupanga kwa jina la faili, au kwa mfuatano ule ule ambao mafaili yalinakiliwa kwenye kadi.

Sasa zitazamwe picha za binti yule. Baadhi zilitoka katika kamera ndogo ya kaka yake, ambayo betri yake ilikuwa ikiisha kabisa mara kwa mara; na kila ilipoisha, saa ya kamera ilisahau dunia na kuanza tena tarehe 1 Januari ya mwaka iliotoka kiwandani. Nyingine zilipokelewa kwa WhatsApp, ambayo huifuta tarehe ya ndani na kulipa faili jina la siku lilipotumwa. Hivyo picha ya mama na mkongojo, iliyopigwa miaka kadhaa kabla ya kifo chake, ikawa ya mwaka 2019 kwa kuwa mpwa aliituma mwaka huo. Na zile za zamani kabisa, za karatasi, binti alizipiga tena kwa simu alipokwenda Magamba kwa mapumziko mafupi. Simu haikuwa na hila. Iliandika siku ile ile iliyofyatuliwa. Harusi ya mwaka 1971 ikawa ya Juni 2019, ilhali maziko yalibaki pahala pake, mwaka 2016. Ndipo maiti ikatangulia bibi harusi.

Mtu wa pwani hafai kuwa wa kwanza kuicheka mashine kwa hilo, kwani yeye mwenyewe amelelewa kati ya kalenda nyingi. Siku yake huanza jua linapokuchwa, na kwa hiyo Alhamisi baada ya magharibi huwa ni usiku wa Ijumaa. Saa yake huhesabiwa tangu alfajiri, ikawa saa moja ya asubuhi ni saa saba ya kamera. Mwaka wake wa mwezi huutangulia ule wa jua kwa siku kumi au kumi na moja kila mara. Wakulima na manahodha walikuwa na mwaka wao wa Nairuzi, wa siku 365 kamili, unaohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, na Makunduchi wangali wakiukoga kila Julai. Hata hivyo, mabibi walipoulizwa umri wao hawakutaja kalenda yoyote kati ya hizo. Unguja palikuwa na watu waliojulikana kuwa walizaliwa kabla au baada ya kimbunga, na aliyesikia alijua kuwa ni kile cha mwaka 1872 kilichoing'oa mikarafuu.

Mkanganyo wa namna hiyo ulikuwamo hata katika kifo cha mama yule. Mzee alishikilia kuwa mkewe alifariki usiku wa Ijumaa. Simu ya mpwa, aliyekuwapo hospitalini na kupiga picha ya mwisho, iliandika Alhamisi, saa 20:52. Binti aliyazungusha hayo mawili kichwani kwa muda kabla ya kutambua kwamba yanasema saa moja kwa ndimi mbili. Alilazimika kuchagua, kwa kuwa fremu haikubali siku mbili. Aliandika Alhamisi, na moyo wake haukutulia.

Kilichomrudisha Magamba, lakini, hakikuwa Alhamisi wala Ijumaa. Siku moja alikuwa Mji Mkongwe, katika nyumba ya jirani, akaoneshwa picha ya mabibi wawili waliovaa buibui. Mwenye nyumba aliigeuza. Nyuma palikuwa na mhuri wa studio, kama zilivyo picha nyingi za Unguja; maana mji huo una historia ndefu ya studio, na mojawapo, Capital Art Studio, ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kurithiwa na mwanawe. Kwa mhuri, kwa jina la mtaa, kwa maneno machache ya kalamu, familia ile iliweza kuitaja miaka ya picha yao. Binti alirudi nyumbani akiwa na fedheha kidogo. Albamu nzima ya mama yake alikuwa ameipiga nyuso tu. Migongo hakuitazama.

Akaomba likizo, akapanda boti na treni.

Kazi ilianza baada ya chakula cha usiku, mezani, chini ya taa. Picha ilichomolewa kwenye pembe zake za karatasi, ikageuzwa, ikasomwa, ikapigwa mbele na nyuma, ikarudishwa. Jioni moja ilitosha picha kumi na tano au ishirini, si zaidi, kwa sababu mzee ana mtoto wa jicho na kila picha ilibidi aisogeze hadi puani. Alichokiona kwa tabu alikieleza bila tabu. Tarehe alizijua chache. Aliyoyajua ni mambo, na mambo yale yalikuwa na tarehe.

Mhuri wa mpiga picha ulisaidia kuliko walivyotarajia. Nyuma ya baadhi ya picha paliandikwa “Mpanda, Tabora”, na nyuma ya nyingine “Mpanda, Rukwa”. Vijana wa Katavi huweza kudhani kwamba hayo ni makosa. Mzee alieleza: Mpanda ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Tabora hadi ulipoundwa Mkoa wa Rukwa mwaka 1974, ikawa ya Rukwa hadi Katavi ilipokuwa mkoa mwaka 2012. Mji haukusogea hata hatua moja, ila umekaa katika mikoa mitatu. Kwa njia hiyo mhuri mmoja uliweza kuifungia picha ndani ya miaka yake, hata kama hapana aliyekumbuka siku. Kofia nazo zilisema. Ambapo mzee alionekana na nembo ya reli ya Afrika ya Mashariki, picha haikuweza kuvuka mwaka 1977 kwa mbali, kwani mwaka huo Jumuiya ilivunjika na Tanzania ikaunda Shirika lake la Reli.

Binti aliandika. Kila faili alilipa jina jipya, mwaka ukitangulia, kisha mwezi, kisha siku, na sifuri mbele ya tarakimu iliyo peke yake. Mfuatano huo, ambao ni kanuni ya kimataifa tangu mwaka 1988, una faida moja ya wazi: mashine ikiyapanga majina kama yanavyopangwa maneno ya kamusi, miaka hujipanga yenyewe. Anayeanza na siku, kama ilivyo desturi ya barua, atakuta tarehe 2 Novemba 1983 imekaa mbele ya tarehe 14 Januari 1971, kwa sababu tu mbili ni ndogo kuliko kumi na nne. Pasipojulikana mwezi au siku, aliweka sifuri mbili.

“Hizi sifuri ni za nini?” mzee aliuliza, uso wake karibu na kioo cha kompyuta.

“Ni za tusiyoyajua, Baba.”

“Basi ni nyingi.”

Usiku wa nne walifika kwenye picha ambayo binti hakuona haja ya kuigeuza. Mama yake amekaa kwenye kiti cha mbao, kanga begani, na mapajani ana mtoto mchanga aliyevishwa kofia ya sufi. Picha hiyo aliijua tangu utoto. Nakala yake imetundikwa sebuleni kwake Unguja, na wanawe wameoneshwa mara nyingi: huyu ni bibi, na huyu ni mama alipokuwa mdogo. Katika fremu alikuwa ameipa mwaka wake wa kuzaliwa, 1977, bila kumwuliza mtu. Aliigeuza kwa ajili ya utaratibu tu, kwa kuwa nyingine zote zimegeuzwa.

Mhuri ulisomeka “Mpanda, Tabora”.

Aliusoma mara mbili. Kisha akaisukuma picha taratibu hadi mbele ya baba yake, bila ya kusema kitu. Mzee hakuinama kuitazama. Alijua ni ipi.

“Mama yako alikuambia kuwa huyu ni wewe?”

“Hapana, Baba. Niliwahi kumwuliza nilipokuwa mdogo. Hakujibu. Alinipakata.”

Yaliyofuata yalisemwa kwa maneno machache. Alikuwa mtoto wa kiume, wa kwanza. Alizaliwa wakati wa mavuno ya mahindi, mwaka 1972, akaishi miezi kumi na moja. Homa ilimpata katika mvua za masika na haikumwachia. Picha hiyo ni moja tu aliyopigwa. Mama aliomba jina lake lisitajwe nyumbani mpaka apatikane mtoto mwingine, ili asije akamwita mmoja kwa jina la mwenziwe. Mtoto mwingine alipatikana, na kwa kuwa miaka ilikuwa imepita, mdomo ulikuwa umekwisha zoea. Hapana aliyekusudia kumficha. Picha ilibaki wazi katika albamu, ukurasa wa kwanza baada ya harusi, na kila aliyeiona alijijibu mwenyewe.

Mzee akalitaja jina. Akalirudia, kama mtu anayejaribu ufunguo wa zamani.

Binti alifungua faili, akafuta 1977. Mzee alikumbuka mwezi: mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, ndiyo maana ya kofia ya sufi, Novemba. Binti akaandika 1972, akaandika 11, na pahala pa siku akaweka sifuri mbili kama alivyozoea. Hapo mzee alimkatalia.

“Weka siku.”

“Siku gani, Baba?”

“Sijui. Lakini mtoto hatamlaza kwenye sifuri mtu.”

Hapa ndipo kazi ya kupanga picha inapoacha kuwa ya mashine. Binti alitaka ukweli, na ukweli wake ulikuwa ni kukiri kwamba siku haijulikani. Mzee naye alitaka ukweli, kwa kuwa mwanawe alikuwa na siku, ilikuwapo, jua lake lilichomoza na kuchwa, na kosa la kuisahau ni la wazee wake. Hapana kati yao aliyekuwa akidanganya. Kalamu iliwekwa chini, na taa ikazimwa.

Siku mbili mzee hakuzungumza habari hiyo. Siku ya tatu, asubuhi, alimkuta binti anafagia uani, akamwambia kuwa mpiga picha yule hakuwa akikaa Mpanda. Alikuja kwa treni, na hakuja ila mwisho wa mwezi, watu wa reli walipolipwa, kwa kuwa kabla ya hapo hapana aliyekuwa na senti ya picha. “Ni siku ya mshahara,” alisema. “Nilimlipa kwa noti niliyotoka kuipokea, haijakunjwa.” Binti akaandika 1972-11-30. Kisha akaichukua picha ya karatasi, akaigeuza, na chini ya mhuri akaandika kwa penseli: jina la mtoto, tarehe, na maneno manne, “kwa kauli ya Baba”.

Wapenzi wa ushairi wataielewa penseli hiyo. Watunzi wa tenzi walikuwa na ada ya kujitaja katika beti za mwisho, na wengi wao kuutaja mwaka wa kutunga. Ndivyo Utendi wa Tambuka wa Pate unavyofungamanishwa na mwaka 1141 wa Hijria, ambao ni 1728. Wanakili nao waliandika majina yao chini ya kazi waliyoinakili. Tarehe yao ilikuwa na mtu nyuma yake, wa kuulizwa na, ikibidi, wa kulaumiwa. Kamera hutoa tarehe hadi sekunde na haina wa kuulizwa: saa yake ikiwa imekosea, imekosea kwa unyofu ule ule inaopatia. Huenda mtoto yule alipigwa picha tarehe 30 Novemba, huenda tarehe 29. Ajaye baadaye ataikuta kauli, atamjua aliyeitoa, na ataipima apendavyo. Lakini kauli hiyo isingeandikwa lau binti angelisubiri mpaka mtoto wa jicho akomae, au mpaka uani pasiwe na wa kumjia asubuhi.

Zilipangwa zote: mia nne na ushee. Sifuri hazikwisha, ziko picha za watu wasiojulikana katika sherehe zisizojulikana, na hizo zilikaa mwanzoni mwa miaka yake zikingoja. Usiku wa kuamkia safari umeme ulikatika, jambo ambalo si geni Mpanda, mji uliowashwa kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi. Uliporudi, saa ya fremu ilikuwa imejirudisha mwaka ilioundwa. Haikudhuru kitu. Mfuatano ulikuwa katika majina, na majina hayapotei na umeme.

Walikaa kuitazama kwa mara ya kwanza. Msichana wa skuli alikuja, akafuatiwa na bibi harusi. Kisha kiti cha mbao, kanga, na kofia ya sufi. Sekunde kumi zikapita, kioo kikapiga giza dogo la kubadilisha picha, na mwaka 1977 ukaingia na mtoto mwingine, huyu akilia.

“Huyu sasa ndiye wewe,” mzee alisema.

Picha zikaendelea hadi mkongojo, hadi kitanda, hadi kaburi lenye udongo mbichi, kila kitu kwa zamu yake. Na baada ya kaburi ikaanza tena skuli. Mzee aliziacha zizunguke mara mbili. Halafu akauliza kama yule wa kofia hawezi kukaa kidogo zaidi ya wenziwe, kwani macho yake hayamwahi. Binti alitazama vitufe, akatazama karatasi ya maelezo, akamjibu kuwa kifaa hicho hakijui upendeleo. Picha zote hupewa muda mmoja.

“Basi mwandike mara mbili.”

Binti akaitoa kadi, akaitia kwenye kompyuta, akalinakili faili lile na kulipa jina lile lile, na mwishoni akaongeza tarakimu mbili. Akairudisha. Harusi ilipopita, mtoto alikuja, kioo kikapiga giza, na mtoto akaja tena. Mzee alikuwa amekwisha kusogeza kiti.